Mti wa Nzima na Kidonda cha Mchimbaji

Mtu anayeshika sululu kutwa ndani ya duara hawezi kulihesabu jeraha kuwa ni ajali ya nadra. Jeraha ni sehemu ya kazi yake. Huko Rwamgasa katika Wilaya ya Geita, mahali ambapo wengine huandika Lwamgasa na wengine Rwamagaza, jiwe huvunjwa kwa nyundo, hubebwa mgongoni, husagwa kwenye karasha, na unga wake huoshwa mwaloni kwa maji yaliyokwisha kuosha mawe ya watu wengine wengi. Kila hatua ina jeraha lake: kidole kilichopondwa, muundi uliochubuliwa na mwamba, unyayo uliotobolewa na kipande cha chuma, mkono uliounguzwa na moto wa kuchomea zebaki. Mchubuko mdogo ulioloweshwa maji ya mwalo huweza kuwa kidonda cha miezi mitatu, na asiyeshuka shimoni hana mgawo. Kwa hiyo tunapouliza kama mti fulani wa porini unaponya vidonda au hauponyi, hatuulizi kwa udadisi tu. Tunauliza habari za nguvu kazi ya watu ambao mali yao ya pekee ni mikono na miguu yao.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi dawa ya jadi ya vidonda inavyopimwa kisayansi, kwa nini upimaji wa dawa ya namna hii una mtego ambao haumo katika dawa nyingine nyingi, na faida ya upimaji huo huishia mikononi mwa nani. Tutauchukua mti mmoja uwe mfano wetu. Wasukuma huuita nzima, Wanyamwezi huuita mzima, na wataalamu wa mimea wameupa jina la Terminalia sericea. Msomaji wa Kiswahili atalisikia jina hilo na kutabasamu. Sisi hatudai kwamba asili ya jina ni uzima, tunasema tu kwamba sikio limefurahi.

Makosa mawili ya fikra

Katika suala la dawa za jadi fikra zetu zimekuwa zikivutwa na makosa mawili, na yote mawili yana historia.

La kwanza ni kasumba ya kikoloni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa ili kuzuia uchawi, lakini katika fikra za watawala wale mganga wa mizizi, mpiga ramli na mchawi walikuwa karibu kitu kimoja. Mgodi wa Geita ulichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika muda huo wote mawe ya Geita yalipelekwa maabara, yakasagwa, yakachomwa, yakapimwa mpaka chembe ya mwisho ya dhahabu ikajulikana. Mizizi iliyoota juu ya mawe yale yale, ambayo vibarua wa mgodi waliitumia kujitibu, haikupimwa. Hapo uwezo wa kupima ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona faida katika kupima kisichouzika London.

Kosa la pili linakuja kwa sura ya uzalendo. Ni ile imani kwamba kila lililotoka kwa wazee ni sahihi kwa kuwa limetoka kwa wazee, na kwamba anayetaka kulipima analitukana. Wapo wanaoisema lugha hii kwa nia njema kabisa. Lakini katika Kanda ya Ziwa tumeona inakofikia. Katika miaka ya 2006 hadi 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, ukiwamo utajiri wa dhahabu. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo huweza kuletwa na moshi wa kuni wa maisha mazima. Mwezi Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Hatua hiyo ilieleweka, maana damu ilikuwa inamwagika. Lakini matokeo yake ni kwamba mama mwenye kikapu cha magome ya kutibu kuharisha aliwekwa fungu moja na tapeli wa ramli. Ubao mmoja tena, kama mwaka 1928.

Yako wapi basi makutano ya njia? Hakuna tamko linaloweza kumtenga mwenye mzizi na mwenye ramli. Kinachoweza kuwatenga ni kipimo. Mzizi hukubali kupimwa, maana kama una nguvu, nguvu hiyo imo ndani ya mzizi wenyewe na itaonekana hata ukitumiwa na mtu asiyemjua mganga wala mizimu yake. Ramli haikubali. Ndiyo maana nchi yetu ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, miaka minne kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliotambua nafasi ya waganga wa jadi katika afya ya msingi. Kitengo hicho kilifanywa kuwa Taasisi ya Dawa Asilia mwaka 1991, na Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mti wenyewe

Nzima hupenda udongo wa kichanga. Huota katika miombo na katika mbuga zilizoachwa kulimwa, kuanzia magharibi ya nchi yetu hadi kusini mwa Afrika. Majani yake yamefunikwa na vinyweleo laini kama hariri, na upepo ukivuma mti mzima hung'aa rangi ya fedha. Neno sericea katika jina lake la kitaalamu maana yake ni hariri. Matunda yake yana bawa na hugeuka rangi ya waridi yanapokomaa. Mbao zake ni ngumu, zinafaa nguzo na ua. Kwa dawa kinachotafutwa zaidi ni mizizi, hasa magome ya mizizi: hutwangwa, hulowekwa au huchemshwa, kwa kuharisha, kwa kifua, na kwa vidonda.

Kemia ya mti huu si siri. Mwaka 1974, mwaka ule ule kitengo cha Muhimbili kilipoanza, wanakemia wa Kitaliano walichapisha maelezo ya vitu walivyovitoa ndani yake, kikiwamo kimoja kiitwacho serikosidi. Watafiti wa Muhimbili, M. J. Moshi na Z. H. Mbwambo, walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wao wa sifa za kidawa za mizizi yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walieleza kitu kingine kutoka katika mizizi hiyo, anolignani B, chenye uwezo wa kuzuia bakteria na kupunguza uvimbe wa mwasho. Juu ya hayo mti una tanini kwa wingi, ile ile inayoikaza ngozi ya ng'ombe ikawa kiatu. Tanini ikiwekwa juu ya kidonda kibichi hukausha majimaji na kufanya ganda.

Msomaji mwenye haraka atasema: basi yametosha, mti una dawa, tuutumie. Hapa ndipo tunapomwomba akae kidogo.

Mtego wa kidonda

Mtu mwenye malaria kali asipotibiwa huweza kufa, na akipona baada ya kunywa dawa tunayo sababu ya kuishukuru dawa. Kidonda si hivyo. Kidonda hupona chenyewe. Mwili ukikatwa, damu huganda. Kisha sehemu ile huvimba na kupata moto, chembe nyeupe za damu zikija kula uchafu na vijidudu. Kisha nyama mpya nyekundu huota kutoka chini na ngozi hutambaa kutoka kingoni. Na mwisho kovu hukazwa polepole kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Kazi hii mwili huifanya bila mzizi, bila mafuta, bila mganga na bila daktari, mradi usizuiwe. Kwa hiyo wachimbaji mia moja wakipaka nzima na tisini wakapona, hatujajifunza lolote juu ya nzima. Inawezekana bila nzima wangepona tisini na watano.

Na mganga mzuri hapaki dawa tu. Huchemsha maji, huosha kidonda, hutoa mchanga na kibanzi, hufunga kwa kitambaa, humwambia mgonjwa asishuke shimoni kwa wiki mbili. Katika hayo, lililoponya ni lipi? Huenda ni maji ya moto. Huenda ni zile wiki mbili za mapumziko, ambazo mchimbaji asingejipa kama asingeamriwa. Hatusemi haya kumdharau mganga. Kama ni maji na mapumziko, basi mganga huyo anajua kutibu kidonda kuliko wengi. Tunasema tu kwamba sifa ya mzizi haiwezi kujulikana mpaka mzizi utenganishwe na yale mengine yote.

Kutenganisha huko hufanywa kwa kundi la kulinganishia, na wananchi wa Rwamgasa hawahitaji kwenda mbali kulielewa neno hili, maana kwao limekwisha kutumika. Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, madaktari waliwapima watu 180 wa Rwamgasa. Lakini hawakuishia hapo. Walikwenda mji wa jirani wa Katoro wakawapima wengine 31. Kwa nini Katoro? Kwa sababu mkono unaotetemeka huweza kuletwa na zebaki, na huweza kuletwa na pombe, uzee au homa. Ukiwapima wa Rwamgasa peke yao huwezi kujua. Ukiwaweka kando ya watu wa nchi ile ile, chakula kile kile na hali ile ile, lakini wasioishi na zebaki kwa kiasi kile, tofauti inayobaki ndiyo ya zebaki. Ndivyo ilivyopatikana kwamba kiasi cha robo ya wale wanaochoma zebaki ili kupata dhahabu walikuwa wamedhurika nayo. Katoro ndiyo iliyoupa uchunguzi huo uzito. Kidonda nacho kinataka Katoro yake.

(Tukiwa bado kwenye zebaki: ile dawa nyekundu ya kupaka vidonda, maarufu duniani kwa miaka mingi kwa jina la Mercurochrome, ilikuwa na zebaki ndani yake. Ilitoka katika viwanda vyenye maabara na wataalamu. Asidhani mtu kwamba hoja yetu ya kupima inawahusu waganga peke yao.)

Kutoka sahani hadi mguu

Upimaji huanza kwa jambo linaloonekana dogo: kujua ni mti gani. Jina moja la Kisukuma huweza kuitwa miti miwili katika wilaya mbili, na mti mmoja ukawa na majina matano. Kwa hiyo tawi lenye jani, ua na tunda hukaushwa, hubanwa katika karatasi na kuhifadhiwa katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuandikwa limechumwa wapi na lini. Kazi yote inayofuata bila tawi hilo ni bure, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuirudia.

Kisha mzizi husagwa na nguvu yake hutolewa kwa maji, kwa spiriti, au kwa vimiminika vingine. Hapa watafiti wengi hukosea kwa kiburi: hutumia spiriti kwa sababu ndiyo desturi ya maabara, ilhali mganga anatumia maji. Wanachokipima si kile wananchi wanachokitumia. Wachina walilijua hili. Mwaka 1967 walianza kutafuta dawa mpya ya malaria katika mimea yao, na jani la shubaka walilolishuku liliwachezea. Mara lilifanya kazi, mara halikufanya. Mtafiti Tu Youyou aliporudi kusoma maandishi ya tabibu wa kale aliona kwamba jani lile lililowekwa majini na kukamuliwa halikutajwa kuchemshwa. Akalitoa nguvu yake kwa moto mdogo, na mwaka 1972 dawa ya artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Moto wa maabara ulikuwa ukiiua dawa ambayo mzee wa kale aliilinda. Jinsi mganga anavyotayarisha ni sehemu ya dawa, nayo iandikwe kwa uangalifu ule ule wa kuandika jina la mti.

Baada ya hapo huja sahani. Bakteria wa usaha, hasa yule aitwaye Staphylococcus aureus, hupandwa katika sahani ya chakula chao, na dawa hutiwa katika vitundu. Kesho yake, kama dawa ina nguvu, kila kitundu kitakuwa na duara tupu pembeni yake ambamo bakteria hawakuota. Upana wa duara hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na dawa inayojulikana. Maabara yasiyo na fedha nyingi, na ya kwetu ni ya namna hiyo, hupima pia sumu kwa njia rahisi: viduduvidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, Artemia salina, hutiwa katika dawa, na baada ya saa 24 huhesabiwa vilivyokufa. Mayai ya vidudu hivyo hununuliwa makavu, huanguliwa kwa maji ya chumvi na taa. Huo ni upimaji wa nchi inayojitegemea na hatuna sababu ya kuuonea haya.

Lakini sahani si nyama. Karibu kila mti wenye tanini utaonyesha duara katika sahani. Spiriti pia itaonyesha duara zuri kabisa, na spiriti ikitiwa katika kidonda kilicho wazi huua pamoja na bakteria chembe zile zile zinazojenga nyama mpya. Kuua vijidudu na kuponya kidonda ni mambo mawili.

Ndipo panya huingia. Hunyolewa mgongo, hupewa dawa ya usingizi, hukatwa kipande cha ngozi cha ukubwa uliopimwa. Kundi moja hupakwa dawa ya mzizi, la pili hupakwa mafuta yale yale yasiyo na mzizi, la tatu hupakwa dawa ya dukani. Kidonda huchorwa juu ya karatasi ya plastiki angavu, na eneo lake huhesabiwa kwa miraba midogo siku baada ya siku. Wengine hukatwa mkato mrefu ulioshonwa, na baada ya siku kadhaa hupimwa ni uzito gani utakaouachanisha. Wengine hukatwa kipande cha kovu kupima kolajeni, ule uzi wa nyama unaoshikilia ngozi. Haya yote yana maana, lakini msomaji ajue udhaifu mmoja ambao matangazo ya dawa huuficha. Ngozi ya panya imelegea. Kidonda chake hufungwa zaidi kwa kuvutwa kingo zikakutana, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Ngozi ya muundi wa binadamu imekaza juu ya mfupa, haivutiki hivyo. Lazima nyama iote na ngozi itambae. Dawa inayomfaa panya huenda isimfae mchimbaji.

Na iko hatari ambayo haionekani kwenye kidonda kabisa. Mwaka 1925 daktari mmoja wa Detroit, Marekani, Edward Davidson, alieleza jinsi ya kutibu majeraha ya moto kwa asidi ya tanini. Ilikausha, ilifanya ganda, ilipunguza maumivu, na ikaenea duniani. Katika miaka ya 1940 iliachwa, baada ya kuonekana kwamba tanini iliyopita kwenye ngozi iliyoungua iliweza kuliharibu ini. Kidonda kilikuwa kinapendeza huku mgonjwa akidhurika ndani. Nzima ina tanini. Mtu aliyepaka mzizi huo kwenye mchubuko wa kidole hana la kuogopa kubwa; mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani ni habari nyingine, na hata kama babu alimtibu hivyo mtoto mwingine akapona, ini halikupimwa.

Mwisho ni binadamu, na hapo kazi huwa ngumu kuliko zote. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, si kwa hiari ya mganga wala ya daktari. Vinginevyo wenye vidonda vidogo watapelekwa upande wa dawa tunayoipenda bila hata sisi kujua tumefanya hivyo. Wote huoshwa sawa, hufungwa sawa, hupumzishwa sawa. Wote hupimwa sukari, kwa kuwa kidonda kisichopona huweza kuwa ni kisukari kinachojitangaza. Anayepima ukubwa wa kidonda hajui nani kapewa nini. Kila mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoielewa na hukubali au hukataa bila kupoteza haki ya tiba, na kibali hutoka katika kamati ya taifa ya Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Katika machimbo hili lina matata ya pekee: mchimbaji huhama. Dhahabu ikisikika kwingine, nusu ya wagonjwa wako wameondoka kabla ya wiki ya tatu, na mara nyingi wanaoondoka ni wale waliopona. Mtafiti asiyeyajua maisha ya machimbo atahesabu waliobaki na kusema dawa haifai.

Wote pia huchanjwa dhidi ya pepopunda. Hili tunalitaja peke yake kwa sababu ndilo linaloua. Kijidudu cha pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye samadi, kimejifunga katika ganda lisilosikia ukavu wala jua. Hupenda tundu jembamba na refu lisilopata hewa, kama lile la msumari unyayoni. Duara la sahani dhidi ya Staphylococcus halisemi neno juu yake. Mzizi uliochimbuliwa udongoni, ukaanikwa chini uani na ukatwangwa katika kinu ambacho hakikuoshwa huweza kukiingiza kijidudu hicho ndani ya kidonda kilichokuwa salama. Aliyetobolewa mguu shimoni aende zahanati kuchanjwa, awe amepaka nzima au hakupaka.

Nani anavuna

Upo mmea mmoja wa vidonda uliovuka ngazi zote hizi katika bahari yetu ya Hindi. Ni mmea mdogo unaotambaa penye majimaji, Centella asiatica, ambao huota hata kwetu. Huko Madagaska wananchi waliutumia kwa magonjwa ya ngozi. Pierre Boiteau na mwenzake Albert Rakoto Ratsimamanga, mwana wa Madagaska, waliuchunguza, wakautumia kwa vidonda vya wakoma, na mwaka 1956 wakachapisha habari za kitu kilichotolewa humo, asiatikosidi, na jinsi kilivyoponya vidonda vilivyokataa kupona. Ratsimamanga alianzisha taasisi ya utafiti mjini Antananarivo mwaka 1957. Dawa ya Madecassol ikazaliwa, ikauzwa katika maduka ya dawa ya Ufaransa na kwingineko.

Tunaona hapa mambo mawili kwa pamoja. Elimu ya wananchi wa Kiafrika ilithibitishwa kwa kipimo kikali, na mmoja wa waliopima alikuwa Mwafrika mwenyewe. Hata hivyo majani yalichumwa Madagaska yakasafiri makavu kwa bei ya majani, na tyubu ikatengenezwa Ulaya kwa bei ya dawa. Serikosidi ya nzima imepita njia iyo hiyo: leo huingizwa katika mafuta ya kulainisha ngozi ya Ulaya, kwa watu wasiowahi kushika sululu. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Tanganyika ilikuwa ikisafirisha utomvu mkavu wa papai wakati wa ukoloni, nao ndani yake umo uwezo wa kula nyama iliyokufa. Na huko Gambia, katika hospitali ya Banjul, papai lililopondwa limetumika kusafisha majeraha ya moto ya watoto kwa kuwa lilipatikana na lilikuwa rahisi. Papai lipo Katoro sokoni.

Kwa hiyo siri ya mganga isilaumiwe haraka. Mfumu wa Kisukuma anayekataa kuutaja mti wake anafanya kile kile kinachofanywa na kampuni ya dawa inayosajili hataza. Tofauti ni kwamba kampuni ina wakili. Mtafiti anayekwenda kijijini na daftari lazima aende pia na mkataba, unaosema jina la nani litaandikwa na mgawo utakuwa upi ikiwa kitu kitauzwa. Wachimbaji wanaoelewa mgawo wa viroba vya mawe wataelewa jambo hili kabla ya wasomi wetu.

Mti utabaki?

Lipo jambo la mwisho, na kwetu ndilo la haraka kuliko mengine. Duara haliendi chini bila matimba ya kushikilia kuta. Matimba hukatwa porini, na nzima, kwa ugumu wake, ni mti wa nguzo. Mkaa wa kupikia maelfu ya watu wa machimbo nao hutoka porini humo humo. Mchimbaji anaukata kwa shoka mti anaoutafuta kwa kidonda. Na mwenye dawa naye anachimbua mizizi. Akizunguka shina lote, mti hufa. Hayupo hapa mwovu wa kunyoshewa kidole, kila mmoja anatafuta riziki yake, lakini vichaka vinavyoizunguka Rwamgasa haviwezi kuvumilia yote mawili.

Shinyanga jirani imetuonyesha kwamba pori hurudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 uliichukua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili nyasi na miti vipumzike, ukaifanya mhimili wa kazi. Kutoka hekta mia chache, ngitili zilifikia hekta zilizozidi 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wataalamu wa kilimo mseto walipowauliza waganga wa mkoa huo katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, ilitajwa miti ya dawa zaidi ya 300, na miongoni mwa iliyowekwa mbele ni nengonengo, mti mwingine unaouawa kwa kuchimbuliwa mizizi.

Nzima hukubali kuchipua upya ukikatwa, na hilo ni bahati. Mbegu zake ni ngumu kuota. Anayechimba mzizi achimbe upande mmoja, aache mzizi mkuu, afukie shimo, asirudi kwenye mti huo msimu unaofuata. Lakini lipo swali la kisayansi ambalo jibu lake lingeokoa miti mingi kuliko maonyo yote: je, jani linaweza kufanya kazi ya mzizi? Jani huchumwa na mti ukabaki umesimama. Kazi ya kulijibu haihitaji mashine kutoka ng'ambo. Inahitaji sahani za bakteria, magome ya mizizi na majani ya mti mmoja yaliyochumwa siku moja, yakatayarishwa kwa maji kama mganga anavyotayarisha, yakatiwa katika vitundu vilivyo sawa. Kisha panya, kisha wagonjwa. Mwanza kuna chuo cha sayansi za afya pale Bugando na kuna kituo cha NIMR, na kutoka huko hadi Rwamgasa ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, pamoja na kuvuka pale Busisi.